Kabla hujamlipa kocha wa gofu, kaa kwenye benchi umtazame

Mpira wa gofu haukukimbii. Umetulia pale chini, hakuna anayekukaba wala kukunyang'anya, na fimbo iko mkononi mwako. Ndiyo maana mtu anayeutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza hujisemea, "Hili nami naliweza." Kisha anashika fimbo, anapiga hewa mara mbili, na mara ya tatu anang'oa nyasi shubiri nzima nyuma ya mpira. Hapo ndipo anapoanza kuulizia mwalimu.

Mwalimu wangu wa kwanza sikumchagua, nilielekezwa kwake tu. Alikuwa mchezaji mkali. Akipiga, mpira unapaa mpaka unapotea machoni. Ndani ya saa moja alinipa maagizo saba: kichwa chini, mkono wa kushoto unyooke, kiwiko kisitoke, goti lisikimbie, kiuno kizunguke, uzito uhamie mbele, mabega yalegee. Sasa fikiria: fimbo ikishaanza kushuka kutoka juu, inaufikia mpira kwa robo sekunde hivi. Maagizo saba ndani ya robo sekunde! Niliondoka nikipiga ovyo kuliko nilivyoingia, na kwa miezi miwili niliamini gofu si ya watu kama mimi.

Wa pili nilimpata kwa njia nyingine. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya safu ya wanaofanya mazoezi, nikamtazama akimfundisha mtu mwingine. Hiyo ndiyo hatua inayobeba mwongozo huu, zilizobaki zinaizunguka.

Hatua ya 1: Jua unachotaka, na mwili ulio nao

Kuna anayetaka tu kutoka na wenzake siku ya mapumziko asiwacheleweshe. Kuna anayetaka kushindana na kuwa na hendikapu, yaani ile namba inayoonyesha kiwango chako na kukuwezesha kushindana kwa haki na aliyekuzidi. (Tangu mwaka 2020 upo mfumo mmoja wa dunia, na kiwango chake cha juu kabisa ni 54.0 kwa wanaume na wanawake. Maana yake hata anayepiga mikwaju mitatu zaidi kwa kila shimo, kati ya mashimo 18 ya uwanja, ana nafasi yake.) Na kuna anayetaka kutembea tu kwenye nyasi na kuacha simu nyumbani. Watu hawa watatu hawahitaji masomo ya aina moja.

Andika lengo lako kwa sentensi moja. Chini yake andika siku ngapi kwa wiki unaweza kufanya mazoezi kweli, si zile unazotamani. Kisha andika maumivu yoyote ya mgongo, goti, bega au kifundo cha mkono. Swingi ya gofu, yaani mzunguko mzima wa kupeleka fimbo nyuma na kuirudisha, inausokota mgongo kwa kasi, na mwalimu asiyejua una shida ya kiuno anaweza kukufundisha kitu kizuri ambacho mwili wako hautakibeba.

Kama unatumia mkono wa kushoto, sema mapema, maana si kila mahali pana fimbo za kuazima za mashoto. Ila usidhani jibu ni moja. Phil Mickelson, mmoja wa mashoto maarufu kuliko wote katika gofu, anatumia mkono wa kulia katika mambo mengine. Alipokuwa mtoto alijifunza kwa kumtazama baba yake kama anayejitazama kwenye kioo.

Hatua ya 2: Usinunue mfuko mzima wa fimbo

Kanuni zinaruhusu fimbo 14 kwa raundi. Hazikulazimishi kuwa nazo zote. Kwa miezi ya mwanzo sita zinakutosha: moja ya mbao au ya mseto kwa masafa marefu, za chuma namba 7 na 9, weji moja, yaani fimbo ya kuupaisha mpira kwa masafa mafupi, fimbo ya kutolea mpira kwenye mchanga, na ya kuputi, yaani kuubiringisha mpira hadi shimoni. Hata hizo zisubiri. Walimu wengi wana fimbo za kuazimisha, na baada ya masomo matatu au manne mwalimu atakuwa ameona urefu wako, kasi yako na namna unavyosimama. Fimbo ndefu kuliko kimo chako inakufundisha kusimama vibaya, kisha unalipa tena ili kuondolewa ubaya huo. Kwa mtoto ni vibaya zaidi: fimbo ya mtu mzima iliyokatwa tu mpini bado ni nzito kichwani, na inamvuta badala ya yeye kuiongoza.

Glavu moja nunua. Mpiga kulia anaivaa mkono wa kushoto. Utaona baadaye kwa nini inanihusu.

Hatua ya 3: Tafuta majina matatu

Usimuulize bingwa wa klabu anafundishwa na nani. Muulize aliyeanza mwaka jana na sasa anapiga mpira ukapaa. Waulize makedi pia, wale wanaowabebea wachezaji fimbo, kwa sababu wao huwaona wanafunzi wakiwa uwanjani penyewe, mbali na macho ya mwalimu, na wanajua nani anafundisha watu wakafundishika.

Uliza alikosomea kufundisha. Katika nchi nyingi kazi hii inasimamiwa na vyama vya wachezaji wa kulipwa. Chama cha PGA cha Uingereza kilianza 1901 na cha Marekani 1916, na vipo vingine vilivyofuata mtindo huo. Mafunzo yao hayaishii kwenye kupiga mpira, yanagusa pia ufundishaji, kanuni na vifaa. Cheti kinakuambia mtu amesomea kazi. Hakikuambii kama mtaelewana.

Tenganisha pia vitu viwili vinavyochanganywa kila siku: kucheza vizuri na kufundisha vizuri. Aliyeanza gofu akiwa na miaka mitano mara nyingi hajui anafanyaje anachofanya. Mwili wake unajua, mdomo wake haujui. Akikuambia "piga tu hivi", hafichi siri, hana maneno.

Hatua ya 4: Kaa kwenye benchi

Mpigie kila mmoja kati ya wale watatu, umwombe kuja kumtazama akifundisha kwa nusu saa, kwa idhini ya mwanafunzi wake. Anayekataa bila sababu ya maana amekurahisishia kazi: majina yamebaki mawili.

Chagua siku anayofundisha mtu wa kiwango chako. Kumtazama akimnoa mchezaji wa mashindano hakutakusaidia. Kisha kaa, nyamaza, uangalie.

Siku ile mimi nilipokaa, mwanafunzi alikuwa mama wa makamo ambaye kila mpira wake ulianza kulia ukaendelea kukata kulia zaidi. Mwalimu alisimama kimya kwa mipira mitano. Kimya kabisa. Kisha akamwambia, "Mama, peleka fimbo nyuma hadi usawa wa kiuno, halafu simama. Uso wa fimbo unatazama wapi?"

Mama akageuza shingo. "Unatazama mbinguni, mwalimu."

"Sasa ugeuze kidogo, uiname kama wewe ulivyoinama."

Alirudia mara tatu bila mpira. Akaupiga wa kwanza, ukaenda kulia lakini si sana. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu aliukosa katikati, ukabiringika. Wa nne ulinyooka. Wa tano ukaenda kushoto kabisa, na hapo ndipo mwalimu alipocheka kwa furaha: "Umeona? Sasa unajua kulia kunatoka wapi na kushoto kunatoka wapi."

Jambo moja kwa nusu saa. Na mama yule alipoondoka, alikuwa na kitu anachoweza kukifanya mwenyewe nyumbani bila hata mpira.

Kwa hiyo ukikaa, hesabu. Nani anapiga zaidi, mwanafunzi au mwalimu? Mwalimu anayetumia nusu ya somo kuonyesha mikwaju yake anajifanyia mazoezi kwa pesa ya mtu. Maagizo mapya ni mangapi? Moja ni zuri, mawili yanavumilika, na yakifika manne, inuka. Je, anauliza maswali, au anatangaza tu? Je, anamwomba mwanafunzi arudie alichoelewa kwa maneno yake? Simu yake iko wapi? Akitaka kumgusa mwanafunzi ili kumweka sawa, anaomba ruhusa kwanza? Hilo la mwisho lisipuuzwe, hasa unapomtafutia mtoto mwalimu. Na kwa mtoto, mzazi asikae mbali na pale somo linapofanyika.

Sikiliza pia kama neno "kichwa chini" linatoka kila mpira unapopigwa utosini. Ni wosia wa zamani, kila jirani anao. Mara nyingi mpira hupigwa utosini kwa sababu uzito umebaki nyuma au mikono imejikunja karibu na mpira, na kichwa kinachoinuka ni matokeo tu. Mwalimu mwenye jicho hutafuta kilichoanza.

Hatua ya 5: Uliza maswali machache, sikiliza namna anavyojibu

Swali langu ninalolipenda ni hili: "Kwa nini mpira wa mtu anayeanza hukata kulia?" Huo mkato, wanaouita slaisi, ndio ugonjwa wa wengi wanaopiga kulia, kwa hiyo kila mwalimu ana jibu. Cha kupima ni jibu lenyewe. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mpira huanza kuelekea njia inakopita fimbo, kisha hukata kuelekea uso wa fimbo unakotazama. Mitambo ya rada ilipoingia kwenye ufundishaji miaka ya 2000, ikathibitika kwamba mwelekeo wa kuanzia unatokana na uso wa fimbo kwa robo tatu au zaidi, na mkato unatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo. Anayekutajia vyote viwili, uso na njia, na jinsi vinavyohusiana, anajua kazi yake hata kama hana rada. Anayekujibu "unapiga kwa nguvu mno" anakisia.

La pili: "Somo la kwanza litakuwaje?" Jibu zuri huanza na kukutazama ukipiga na kukuuliza unataka nini. Jibu la mashaka ni programu iliyokwisha kupangwa, sawa kwa kila mtu.

La tatu: "Mchezo mfupi tutaugusa lini?" Uwanja wa kawaida wenye kipimo cha mikwaju 72 umekadiriwa miwili ya kuputi kwa kila shimo, yaani 36. Nusu nzima! Mwalimu anayepanga masomo kumi ya draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, bila hata moja la kuputi au la mipira mifupi kuizunguka grini, yale majani laini yenye shimo, anakuandalia raha ya uwanja wa mazoezi na aibu ya uwanja wenyewe.

Mengine ni ya kawaida: somo ni dakika ngapi, mvua ikinyesha inakuwaje, usipofika unatozwa nini, mipira imo ndani ya ada au ni juu yako, ukikatiza kifurushi katikati unarudishiwa chochote. Yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu.

Hatua ya 6: Chagua aina ya somo

Hapa nitasema ninavyoona. Kama hujawahi kushika fimbo kabisa, anza na kundi la watu wanne hadi sita, wote wageni. Ni nafuu, unacheka na wenzako, na unajifunza kwa makosa yao. Katika hatua hiyo shida zenu zinafanana. Zikianza kutofautiana, ndipo uingie kwenye somo la peke yako, ambalo nusu saa inatosha. Saa nzima kwa anayeanza inachosha viganja kabla haijamaliza kufundisha, na mikwaju ya uchovu ndiyo inayokaa mwilini.

Usinunue kifurushi cha masomo ishirini. Lipia moja, kisha matatu. Mwalimu anayekupunguzia bei sana ukilipa yote leo anauza uhakika wake, si wako.

Masomo ya video kwa simu yanafaa, ila si mwanzoni, kwa sababu hakuna wa kuusogeza mkono wako pale unapotakiwa. Ukiyatumia baadaye, piga video mbili: moja kamera ikikutazama kifuani, nyingine ikiwa nyuma ya mikono yako kuelekea unakolenga mpira, simu ikiwa kwenye kimo cha mikono. Ukiipinda kamera kidogo tu, njia ya fimbo inaonekana tofauti na ilivyo, na unarekebishiwa kosa usilokuwa nalo.

Na baada ya masomo manne au matano, omba moja lifanyike uwanjani, mashimo mawili au matatu. Pale kwenye mazoezi umesimama kwenye zulia tambarare. Uwanjani mpira uko kwenye mteremko, kuna mti mbele, na kuna watu nyuma yenu wanaosubiri. Ni huko utakapojifunza mahali pa kusimama mwenzako akipiga, kusawazisha mchanga, na kupaza sauti ya "Foo!" mpira wako unapoelekea kwa watu.

Hatua ya 7: Somo la kwanza, tazama anaanzia wapi

Mwalimu wangu wa pili hakugusa swingi yangu. Alitazama kiganja cha glavu yangu. Ilikuwa imetoboka chini, pale kwenye mnofu wa kisigino cha kiganja. "Fimbo inakuteleza," akasema, "maana unaishika kama panga, ndani ya kiganja." Akatoa kalamu na kuchora mstari kwenye glavu, kutoka kiungo cha katikati cha kidole cha shahada hadi chini ya kidole kidogo. "Fimbo ikae hapa, kwenye vidole."

Nilijiona mgeni kabisa. Mpini ule ule, lakini kana kwamba nimepewa mkono wa mtu mwingine. Nilipiga mipira ishirini mibaya. Wa ishirini na moja ulitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia ukitoka kwenye fimbo yangu, ule mlio mkavu.

Sisemi kila mwalimu abebe kalamu. Ninasema aanze na mshiko, kusimama na kulenga, kwa kuwa hivyo vitatu hufanyika mpira ukiwa umetulia, na kila kinachofuata kinavitegemea. Kuna mishiko mitatu inayojulikana: wa kulaza kidole kidogo cha kulia juu ya mkono wa kushoto, unaobeba jina la Harry Vardon aliyeshinda mashindano ya Open ya Uingereza mara sita, wa kufuma vidole, aliotumia Jack Nicklaus, na wa vidole vyote kumi kwenye mpini, unaowasaidia watoto na wenye viganja vidogo. Mwalimu akikulazimisha wake bila kutazama viganja vyako, muulize kwa nini.

Hatua ya 8: Linda kile ulichofundishwa

Kabla ya kuondoka, andika agizo la siku kwa maneno yako, na umwombe mwalimu akurekodi kwa sekunde kumi ukilifanya vizuri. Kumbukumbu ya mwili hudanganya ifikapo siku ya tatu.

Ukirudi peke yako, mipira hamsini yatosha. Ishirini ya agizo lile moja, polepole. Kumi na tano ubadilishe fimbo na shabaha kila mara, kama uwanjani. Iliyobaki ipige mifupi, au iache mipira uende ukaputi. Ukiwa na nyasi, chora mstari chini na upige bila mpira: fimbo ya chuma inatakiwa ipapase ardhi kwenye mstari au mbele yake. Ikipapasa nyuma, tayari umejua kwa nini mipira yako ni mizito na haiendi mbali, bila kumlipa mtu.

Jilinde na majirani. Uwanja wa mazoezi umejaa waungwana wanaofundisha bure bila kuombwa, na kila mmoja ana agizo lake la nane. Katika mashindano, Kanuni ya 10.2 inakukataza kuomba ushauri kwa yeyote isipokuwa kedi wako au mwenzako mnayecheza upande mmoja. Kwenye mazoezi hakuna kanuni, kwa hiyo itumie ya kwako: "Asante, mwalimu wangu amenipa jambo moja tu la wiki hii." Wenye adabu wataelewa.

Hatua ya 9: Kubaki au kuondoka

Ukibadilishwa mshiko utapiga vibaya kwa muda. Hiyo si sababu ya kuhama. Jipe masomo manne au matano, kisha ujiulize: naweza kueleza kosa langu kubwa na dawa yake kwa sentensi mbili? Ukiweza, hata kama mpira bado unakusumbua, baki. Ukiwa umelipa masomo matano na bado hujui unarekebisha nini, ondoka.

Watu watakutajia Bubba Watson, aliyeshinda mashindano makubwa ya Masters mwaka 2012 na 2014 bila kufundishwa rasmi. Ni kweli, na ni mmoja. Upande wa pili yupo Nicklaus, aliyeanza kufundishwa na Jack Grout akiwa na miaka 10. Aliposhakuwa bingwa anayejulikana duniani kote aliendelea kumrudia mwanzoni mwa msimu, waanze upya na mshiko na kusimama kama mtoto.

Ukiamua kuhama, mwambie mwalimu kwa mdomo, usipotee tu. Chukua video zako na daftari lako. Kwa mwalimu mpya, kabla hajakutazama ukipiga, msomee ukurasa wa mwisho: nilifundishwa hiki, kikanisaidia hapa, kikanishinda pale. Akikusikiliza hadi mwisho, vaa glavu.